Morgan ya jirani: je, ni kweli chesisi yake ni ya mbao?

"Shikamoo fundi. Naishi Worcester, Uingereza, huu mwaka wa tisa, na kazi yangu ni uuguzi. Jirani yetu, mzee wa miaka themanini na kitu, ameamua kuuza gari lake la michezo, Morgan 4/4 la mwaka 1972. Anasema kwa kuwa mume wangu amekuwa akimsaidia kulisukuma kutoka bandani miaka yote hii, sisi ndio tuna nafasi ya kwanza. Mume wangu hasikii la mtu. Mimi nimechanganyikiwa. Shemeji anasema chesisi yake ni ya mbao, siku moja litakatika katikati barabarani. Mwenzangu kazini anasema kampuni ilikufa zamani kama Triumph na MG, kwa hiyo spea hakuna. Mwingine anasema haikufa, ila imenunuliwa na Waitaliano. Kisha nikaona picha ya Morgan ya magurudumu matatu, nikachoka kabisa. Hii ni kampuni gani hasa? Imeishije miaka yote hii bila kumezwa? Na gari la mbao lenye miaka zaidi ya hamsini ni mali au ni mzigo?"

Marahaba, mwanangu. Umefunga maswali mengi katika kitita kimoja, na nadhani chini yake kuna hofu moja tu: pesa ya nyumba isije ikaingia kwenye kitu ambacho hakuna aliyewaeleza vizuri. Hofu hiyo ni ya haki. Nianze na hili la kukatika katikati, maana ndilo linalokunyima usingizi.

Chesisi ya gari la jirani yenu, yaani kiunzi cha chini kinachobeba gari zima, ni ya chuma. Hakuna Morgan iliyotoka kiwandani na chesisi ya mbao, si ya 1972, si ya kabla yake. Chini ya gari lile kuna vyuma viwili virefu vilivyokunjwa umbo la herufi Z, vimetoka mbele hadi nyuma, vikaunganishwa kwa vyuma vya kukingama kama vidato vya ngazi. Injini imekaa juu ya chuma hicho. Giaboksi, springi, ekseli ya nyuma, vyote vimeshikwa na chuma hicho. Mbao zinaanzia juu yake. Ni fremu ya bodi, iliyochongwa kwa mti wa Ulaya uitwao eshi, ndio ule ule wanaotengenezea mipini ya nyundo na shoka kwa sababu nyuzi zake ni ndefu na unapinda kidogo bila kuvunjika. Mabati ya bodi yanakunjwa na kupigiliwa misumari juu ya fremu hiyo.

Kama umewahi kuona jahazi likiundwa, utanielewa upesi. Jahazi lina mkuku, yaani uti wa mgongo wake, lina mataruma, yaani mbavu zake, kisha mbao za ubavuni. Kwenye Morgan mkuku ni chuma, mataruma ni mbao, na ubavu ni bati. Mataruma yakioza chombo kinalegea, milango haifungi, rangi inapasuka, lakini mkuku haukatiki kwa sababu hiyo. Shemeji yako amesikia nusu ya habari, na nusu aliyoisikia ndiyo yenye shida ya kweli, ila si shida anayoidhania. Nitairudia.

Sasa, kwa nini mbao? Hapa jibu la gari na jibu la historia ni jibu moja, kwa hiyo niwie radhi nikienda mbali kidogo.

Henry Frederick Stanley Morgan, ambaye kiwandani walimwita HFS, alizaliwa 1881, mtoto wa kasisi wa kijijini katika jimbo la Herefordshire. Hakufuata njia ya kanisa. Alijifunza uhandisi katika karakana za reli ya Great Western huko Swindon, kisha akafungua gereji Malvern Link, mji ule mdogo chini ya vilima ambao wewe ukitoka Worcester unaufikia kabla chai haijapoa. Mwaka 1909 alijitengenezea kigari cha magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, akatia injini ya Peugeot ya silinda mbili. Baba yake, yule kasisi, ndiye aliyetoa mtaji na kusimama nyuma yake. Mwaka 1910 vigari hivyo vilipelekwa kwenye maonyesho ya pikipiki ya Olympia, London. Watu walipendezwa, lakini walitaka cha watu wawili, siyo cha kiti kimoja. HFS akawasikiliza. Mwaka uliofuata kigari cha viti viwili kilikuwa kwenye dirisha la duka la Harrods, na mwaka 1912 kampuni ikasajiliwa rasmi.

Kwa hiyo ile picha iliyokuchosha, mwanangu, ndiyo Morgan ya asili. Magurudumu matatu hayakuwa kichekesho. Chombo chepesi cha magurudumu matatu kilihesabiwa kama pikipiki, kwa hiyo kodi yake ya barabara ilikuwa ndogo kuliko ya gari. Mfanyakazi wa kawaida asiyeweza kununua gari aliweza kununua Morgan, akampakia mkewe, akapanda vilima ambavyo magari makubwa ya wakati ule yalivishindwa. Na kilikwenda mbio: mwaka 1913 Morgan iliibuka ya kwanza katika mashindano ya vigari vyepesi huko Amiens, Ufaransa.

Angalia jambo moja ambalo HFS alilifanya tangu siku ya kwanza na ambalo warithi wake wote walilishika. Hakutengeneza injini. Alinunua ya Peugeot, halafu za JAP, za Matchless na za Anzani. Alijua ufundi wake uko wapi: chesisi nyepesi, mfumo wake wa springi za mbele ambao nitaueleza baadaye kwa sababu unakuhusu, na bodi. Injini aliwaachia wenye viwanda vikubwa.

Kilichomtikisa ni Austin Seven ya mwaka 1922, gari dogo la magurudumu manne kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifikiria. Taratibu wateja wa magurudumu matatu wakaanza kuhama. Morgan ikajikaza kwa miaka, kisha mwaka 1936 ikaingiza sokoni gari lake la kwanza la magurudumu manne. Jina walilolipatia lilikuwa maelezo tu: silinda nne, magurudumu manne. Ndilo hilo 4/4 mlilo nalo mlangoni. Injini, kama kawaida, ya mtu mwingine: Coventry Climax.

Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kiligawiwa kwa kipimo Uingereza, na aliyepewa kwanza ni yule aliyeuza bidhaa zake nje na kuleta fedha za kigeni. Vigari vya magurudumu matatu havikuwa na soko nje, na cha mwisho kilitoka 1952. Magari ya magurudumu manne yalikwenda Marekani kwa wingi, na Marekani ndiyo iliyoiweka kampuni hai katika miaka ya 1950.

Ni wakati huo pia Sir John Black, mkuu wa kampuni ya Standard iliyowauzia injini, alipotaka kuinunua Morgan. HFS alikataa. Black akaenda akajenga gari lake la michezo, na hilo ndilo lililozaa Triumph TR2. Ila hakukuwa na uadui: injini ya TR2 ikaja kuwekwa ndani ya Morgan Plus 4, na mwaka 1962 Plus 4 yenye injini ya ukoo huo wa Triumph, ikiendeshwa na Chris Lawrence na Richard Shepherd-Barron, ilishinda daraja la injini za lita 2 katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Gari lenye fremu ya eshi lilikimbia mchana na usiku kucha bila kuvunjika. Shemeji yako akiendelea kubisha, mpe hilo.

Mtoto wa HFS, Peter Morgan, alishika usukani baba yake alipofariki mwaka 1959. Naye alijaribu usasa mara moja. Mwaka 1964 alitoa Plus 4 Plus, gari la bodi ya faibaglasi lenye paa la mviringo, bila mbao ubavuni. Wateja wa Morgan hawakulitaka, na wateja wa magari ya kisasa walikuwa na pengine pa kwenda. Yalitengenezwa 26 tu. Mimi naliheshimu jaribio lile, kwa sababu liliwafundisha kwa gharama ndogo jambo ambalo kampuni nyingine zililijua zikiwa tayari zinazama: nani hasa ananunua gari lako. Peter akarudi kwenye umbo la zamani, na mwaka 1968 akalitia injini ya Rover, V8 ya lita 3.5 iliyoundwa kwa alumini na hivyo kuwa nyepesi. Plus 8 hiyo iliuzwa hadi 2004.

Sasa uje kwenye swali lako la kumezwa. Kutengeneza bodi ya gari kwa njia ya kawaida kunahitaji mashine kubwa za kukandamiza bati, na kila kipande cha bodi kina kalibu yake ya chuma. Kalibu moja ni ghali mno. Gharama hiyo inalipika ukitengeneza magari makumi ya maelfu. Ukitengeneza mia chache kwa mwaka itakuzika. Sasa fikiria karakana ya matofali mekundu ya Pickersleigh Road, Malvern, ambayo kwa miaka mingi ilitoa magari kama tisa tu kwa wiki, yakisukumwa kwa mikono kutoka banda moja hadi jingine. Msumeno, gundi, vibano vya kupindia mbao za matao ya magurudumu, na fundi anayejua kazi yake: hiyo ndiyo mashine yao. Wakitaka kubadili umbo la mlango wanabadili mbao, hawatupi kalibu. Mbao hazikubaki kwa ajili ya mapenzi ya mambo ya kale peke yake. Zilibaki kwa sababu ndizo zilizomwezesha mtu mdogo kutengeneza gari bila kukopa mtaji wa mtu mkubwa.

Wale waliokufa, wengi waliuawa na deni au na mwenye mali aliyekuwa na haja nyingine. MG na Triumph ziliishia ndani ya British Leyland, kampuni kubwa ya magari ya Uingereza, na tajiri alipoyumba nazo zikaanguka: kiwanda cha MG cha Abingdon kilifungwa mwaka 1980, na gari la mwisho la michezo la Triumph likatoka mwaka uliofuata. TVR ya Blackpool, kampuni ndogo kama Morgan, iliingia katika miaka ya 1990 kwa ujasiri wa kutengeneza injini zake yenyewe, mzigo mkubwa kwa kampuni ya ukubwa ule, na mwaka 2006 milango ya Blackpool ikafungwa. Morgan ilikuwa na foleni ya wateja, mabanda ya kwake, na injini za kununua. Ikibanwa, inatengeneza machache.

Lakini nisikupambie. Mwaka 1990 Sir John Harvey-Jones, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya kemikali ya ICI, alikwenda Malvern na kamera za BBC na akawaambia wazi kwamba wanajiumiza: waongeze uzalishaji, wapandishe bei, waache kusukuma magari kwa mikono. Peter na mwanawe Charles walimkatalia. Taifa zima lilitazama, na maagizo yakaongezeka badala ya kupungua. Watu hupenda kuisimulia kama hadithi ya bwana mkubwa aliyeaibika. Mimi naona yule bwana alikuwa na hoja. Mteja aliyesubiri gari miaka mingi si dalili ya afya tu, ni pesa iliyosimama nje ya mlango. Na Morgan wenyewe, polepole na kwa namna yao, walibadilika: mwaka 2000 walitoa Aero 8, chesisi ya alumini iliyounganishwa kwa gundi maalumu, injini ya BMW, na bado fremu ya eshi juu yake.

Hivyo basi, Waitaliano. Ni kweli kwamba mwaka 2019 hisa nyingi za Morgan zilinunuliwa na Investindustrial, kampuni ya uwekezaji ya Ulaya inayoongozwa na Andrea Bonomi, na familia ikabaki na sehemu ndogo. Kwa zaidi ya karne moja ilikuwa mali ya familia, sasa sivyo. Yapo mabishano ya kifamilia yaliyotangulia: Charles Morgan aliondolewa kwenye uongozi mwaka 2013. Siyo habari ya kufurahisha, lakini nikikuficha utaisikia kwa mwingine. Magari yanaendelea kutengenezwa pale pale Pickersleigh Road na mikono ya watu wa Malvern. Chesisi ya chuma ya aina yenu, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1936, iliachwa mwaka 2020, na zote mpya sasa zimejengwa juu ya alumini. Magurudumu matatu nayo yalirudi mwaka 2011, na tangu 2022 yana injini ya Ford ya silinda tatu. Hakuna lolote katika hayo linalopunguza au kuongeza kitu kwenye gari la mzee wenu. Lilizaliwa 1972 na karatasi zake ni za 1972.

Na hapo ndipo utaona faida ya kukopa injini za watu. Morgan 4/4 ya mwaka huo ina injini ya Ford ya cc 1600, ya ukoo ule ule ulioendesha Escort na Cortina. Giaboksi ni ya Ford pia. Zilitengenezwa kwa wingi mno, na mafundi wanaozijua wako kila mji wa Uingereza. Gasketi, pistoni, kabureta, klachi: hutasumbuka. Vipande vya Morgan yenyewe, yaani chesisi, mbao zilizochongwa tayari, madigadi, vinapatikana kwa mawakala na kwa mafundi wanaoshughulika na Morgan pekee. Mwenzako wa kazini amekosea pale ambapo wengi hukosea: anadhani gari la kampuni ndogo ni gumu kwa spea. Kwa gari hili ni kinyume.

Narudi sasa kwenye mbao, kwa sababu hapa ndipo pesa yenu inaweza kupotea.

Mti hauozi kwa sababu ya uzee. Unaozeshwa na kuvu, na kuvu huyo hawezi kuishi mpaka unyevu ndani ya mbao upite asilimia 20 hivi. Eshi iliyokaa pakavu na penye hewa itamzika mwenye gari na mwanawe. Eshi iliyobanwa kati ya bati na zulia lililolowa huanza kuliwa bila mtu kujua, kwa sababu bati la nje linabaki kung'aa. Wazee wa pwani wanaounda vyombo watakwambia maji ya mvua yaliyotuama ndani ya chombo ni adui kuliko bahari iliyo nje, na Uingereza, unajua mwenyewe, haikosi mvua. Katikati ya miaka ya 1980 kiwanda kilianza kuzamisha fremu ndani ya dawa ya kuzuia kuoza. Gari la 1972 halikupata dawa hiyo, isipokuwa kama limewahi kuundwa upya baadaye. Muulize mzee, na uombe stakabadhi.

Maji hupita wapi? Pale madigadi yanapokutana na bodi, kwenye ule ukanda mwembamba wa mshono. Chini ya milango, kwenye kizingiti, ambako miguu yenye tope hupanda na kushuka miaka nenda rudi. Kwenye nguzo za bawaba. Nyuma, karibu na tangi la mafuta na kwenye matao ya magurudumu, ambapo tairi hurusha maji juu. Ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu yenu nao hula kutu, na watu wengi wanaoshughulika na mbao tu husahau kuutazama.

Kuna kipimo kimoja rahisi. Fungua mlango wa dereva nusu, ushike ncha yake ya mbali, uunyanyue taratibu. Ukicheza kidogo kwenye pini za bawaba, hilo ni jambo dogo. Lakini ukiona bati la nguzo lenyewe linasogea pamoja na mlango, au rangi kando yake imepasuka mipasuko myembamba, basi mbao iliyo nyuma yake imelegea au imekwisha. Halafu, kwa ruhusa ya mwenyewe, inueni zulia na mguse mbao za kizingiti kwa ncha ya bisibisi bila nguvu. Mbao nzima inakataa. Iliyooza inapokea.

Nikuambie kisa cha kweli. Nilipokuwa kijana wa karakana, nililetewa gari la aina hii lenye tundu la kutu kwenye bati la chini ya mlango. Nikalichomelea kiraka kama nilivyofundishwa kwenye magari ya kawaida. Bati lilipendeza. Mbao nyuma yake ilikuwa imeungua na kuwa makaa, ikaendelea kufuka moshi hadi jioni, na tulikuwa na bahati kwamba mtu alirudi kuchukua koti lake akausikia. Tangu siku ile sijachomelea bati la Morgan kabla ya kulivua kutoka kwenye fremu. Nakusimulia ili msije mkampelekea gari hili fundi bodi mzuri wa mtaani ambaye hajawahi kufanya kazi ya mbao. Uzuri wake hautamsaidia.

Jambo la pili la kutazama ni ule mfumo wa mbele niliokuahidi. HFS aliubuni kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na gari la 1972 bado linao. Kila gurudumu la mbele linapanda na kushuka kwenye nguzo ya chuma iliyosimama wima, springi ikiwa imeizunguka nguzo hiyo. Ni chepesi na kina akili, na ndicho kinacholipatia gari lile usukani wake wa papo hapo. Lakini chuma kinasugua chuma, kwa hiyo bila mafuta kinalika haraka. Sakafuni upande wa dereva kuna kitufe cha kukanyaga ambacho kinasukuma oili ya injini hadi kwenye nguzo hizo. Mwulize mzee anakikanyaga lini. Akikujibu bila kufikiri, umepata gari lililotunzwa. Akishangaa kwamba kitufe kipo, inueni mbele kwa jeki, mshike gurudumu juu na chini na kulitikisa, mkitarajia bushi zilizokwisha. Bushi hubadilishwa, si msiba, ila ni pesa.

Mnafanyaje basi? Kama fremu ni nzima na chesisi haina kutu ya kula chuma, mimi ningenunua, kwa bei aliyoipunguza kwa ajili ya wema wa mume wako. Gari lililopita miaka 40 na halijabadilishwa sana halilipi kodi ya barabara Uingereza na halilazimiki kupimwa kila mwaka, ingawa lazima muombe liandikishwe katika daraja la magari ya kihistoria. Lipimeni kila mwaka hata hivyo. Sheria haikuwaondolea wajibu wa kuwa na gari salama, na jicho la pili juu ya breki lina thamani kuliko ada yake. Bima ikateni ile ya thamani mliyokubaliana kabla, siyo ya bei ya soko siku ya ajali.

Kama mbao zimeoza sehemu moja au mbili, bado inawezekana, lakini punguzeni bei kwa gharama ya kazi hiyo, na muipate gharama hiyo kwa maandishi kabla ya kulipa. Kama fremu nzima imekwisha, kuiunda upya, kuvua mabati, kuyarudisha na kupaka rangi kunaweza kuzidi bei ya gari lenyewe. Watu hufanya hivyo kwa sababu wana muda, wana banda kavu na wanaipenda kazi. Kama mume wako anapenda kuendesha lakini hapendi kutengeneza, na mnalea na mnalipa nyumba, mwambieni mzee asante na mumsaidie kupata mnunuzi. Hamtamkosea.

Pia ni gari gumu kulizoea. Springi zake ni ngumu, kila jiwe la barabarani mtalihisi mgongoni. Paa la turubai huvuja. Hakuna mifuko ya hewa wala kinga yoyote ya ubavuni inayofanana na ya gari unaloendea kazini. Mimi nisingempakia mtoto mchanga ndani yake, na nisingelitumia kwa zamu za usiku kwenye barabara yenye barafu. Ni la Jumapili kavu. Na likirudi bandani msilifunike kwa nailoni, maana unyevu utabaki chini yake; funikeni kwa kitambaa kinachopumua, au liacheni wazi kama banda ni safi.

Kabla ya senti yoyote kutoka, mpelekeni gari mtu anayeshughulika na Morgan, alinyanyue kwenye lifti, alitazame kwa tochi kutoka chini. Mimi nikiwa mbali siwezi kuiona chesisi, na picha za simu hazionyeshi mbao iliyo nyuma ya bati. Namba ya chesisi ioaneni na hati ya gari, kisha waulizeni kiwandani: wana kumbukumbu za magari waliyotengeneza, na watawaambia kama hili lilitoka na rangi gani na injini ipi. Mnaishi karibu na Malvern kuliko karibu wateja wao wote duniani. Kiwanda kinapokea wageni. Nendeni siku moja, na mkifika banda la maseremala, mwombe mume wako asimame akatazame fremu ya eshi ikiwa bado haijavishwa bati. Ataelewa kwa dakika tano anachotaka kununua, na wewe pia.

Kisha mrudi kwa mzee, na kabla hajawasha injini, maana akiiwasha mume wako hatasikia tena neno, mwombe afungue mlango wa dereva nusu.